Ndege Iliyobeba Mawe ya Msingi

Palikuwa na nchi iliyokuwa na kila kitu isipokuwa daraja la kwendea Lugombe, dawa katika hospitali zake, na ndege. Katika hivyo vitatu, kilichomkosesha Mkuu wa Nchi usingizi ni ndege, na anayelishangaa hilo hajawahi kuwa Mkuu wa Nchi.

Mambo yalianzia kwenye mkutano wa wakuu wa nchi jirani. Wenzake waliteremka mmoja mmoja kutoka kwenye ndege za kwao, bendera ubavuni, wakasimama juu ya ngazi wakapunga mkono. Yeye alifika kwa ndege ya watu, akateremka nyuma ya mama mmoja aliyebeba mtoto na kapu la vitunguu. Mpigapicha wa serikali akababaika, akambandika mama yule ukurasa wa mbele wa gazeti, na nyuma ya vitunguu likaonekana sikio la Mkuu. Mhariri wa gazeti lile alistaafu wiki hiyohiyo, angali kijana mwenye afya yake.

Mkuu aliporudi nyumbani alinuna siku kadhaa. Kisha akaingia barazani, akatamka neno moja tu: "Ndege." Mawaziri wakasimama, wakapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Hakuna aliyeuliza ndege ya kwenda wapi.

Ndege ikapatikana. Ilikuwa imara sana. Nchi iliyoiuza ilikuwa imeitumia tangu enzi za babu zao, na siku ya kuiaga watu wake walitokwa na machozi ya furaha. Ikapakwa rangi za taifa, na mkiani ikatakiwa kuchorwa sura ya Mkuu. Hapo pakazuka mjadala. Sura ikitazama mbele, ndege ikiondoka Mkuu atakuwa amewapa wananchi kisogo. Ikitazama nyuma, maadui watasema Mkuu anatazama nyuma. Kamati ikapelekwa ng'ambo kujifunza, ikakaa huko vuli na masika, ikarudi na jibu kwamba achorwe akitazama juu. Basi akachorwa akitazama juu, na waliomwona walikiri kimoyomoyo kwamba amefanana na mtu anayetafuta bati linapovuja.

*

Sikudhani Mlekwa aliingiaje humo? Yeye alikuwa mshereheshaji wa harusi na mahafali, mwanamke wa makamo mwenye sauti ambayo ikitaja jina la mtu, mtu huyo hujiona amenenepa. Hakujua lolote kuhusu ndege. Lakini katika nchi ile jambo lolote haliwezi kuanza bila mgeni rasmi, na mgeni rasmi hawezi kukaa, kusimama wala kukohoa bila mshereheshaji wa kumtambulisha.

Desturi hiyo ilishikwa kwa mikono miwili. Darasa likijengwa, wanafunzi husomea nje mpaka aje mgeni rasmi wa kulifungua. Huko Kisakasaka walichimba kisima, wakaendelea kunywa maji ya dimbwi wakimsubiri mgeni rasmi, na alipofika kisima kilikuwa kimekauka. Akakizindua hivyohivyo, kikavu, watu wakapiga vigelegele. Kwa hiyo wanasheria wa serikali walipoulizwa, walijibu bila kupepesa kwamba ndege kuruka ni shughuli, na shughuli isiyo na mgeni rasmi si shughuli, ni vurugu. Kila safari ya Shirika la Ndege la Taifa ikatakiwa iwe na mgeni rasmi wake, utepe wake na mshereheshaji.

Sikudhani aliitwa ofisini kwa Mheshimiwa Dakta Ndimbwelu, Waziri wa Anga, mtu mnene mwenye mikono midogo, aliyezungumza na mtu mmoja kama anavyozungumza na uwanja mzima.

"Mama Mlekwa," alisema, "taifa linahitaji koo lako."

"Nimesikia, Mheshimiwa."

"Kila mtumishi wa Shirika atampandisha mzazi wake mmoja, popote ndege itakapofika. Hiyo ni hisani ya Mkuu mwenyewe."

"Na Lugombe itafika, Mheshimiwa?"

"Lugombe itafika kuliko mahali pengine popote."

Sikudhani akakubali palepale. Mama yake, Bi Chausiku, alikuwa Lugombe, na mguu wake wa kushoto ulikuwa unaoza. Sukari ilikuwa imeuanza kidoleni. Daktari wa Lugombe alisema apelekwe hospitali kuu, huko kuna watu wa kuusafisha na kukata panapobidi kabla ugonjwa haujapanda. "Hapa," alisema, "tuna spiriti na maombi." Lakini mto ulikuwa umeondoka na daraja tangu serikali iliyopita. Walijaribu kumvusha kwa mtumbwi, wampakie kwenye lori upande wa pili. Akazimia kivukoni kabla hajaliona lori, wakamrudisha nyumbani. Kwa hiyo ilibaki njia ya angani, nayo Sikudhani aliiombea dua kila alipoamka.

"Mama, shikamoo," alisema kwenye simu jioni ile. "Ndege inakuja."

"Marahaba, mwanangu. Ndege gani, kunguru?"

"Ya serikali, mama. Utapanda bure."

"Haya. Mwambie huyo rubani mimi sipendi kukaa dirishani, nitaona vitu."

"Na mguu unaendeleaje?"

"Mguu umekufa ganzi, siusikii. Afadhali, maana ulikuwa na maneno mengi."

*

Siku ya uzinduzi Mkuu alikuja mwenyewe. Alikata utepe, akavuta kijipazia, na nyuma ya kijipazia kulikuwa na jiwe la msingi, marumaru nyeusi yenye maandishi ya dhahabu: jina lake, vyeo vyake vyote, na tarehe. Jiwe lilikuwa limeegeshwa kwenye ukuta wa jengo la uwanja. Mkuu akalitazama, kisha akamtazama Waziri.

"Mimi nimezindua nini hapa?"

"Ndege, Mheshimiwa Mkuu."

"Na jiwe langu liko wapi?"

"Ukutani, Mheshimiwa Mkuu."

"Kesho ndege itaruka. Ukuta utaruka?"

Mafundi wakaitwa mbio, viti vya mstari wa mbele vikang'olewa, na jiwe la msingi likaingizwa ndani ya ndege, likafungwa kwa boliti sakafuni, uso ukiwaelekea abiria ili walisome wawapo angani. Mkuu akaridhika. Sikudhani, kwenye kipaza sauti, akasema ni mara ya kwanza katika historia ya binadamu kwa msingi kupaa, na umati ukalipuka kwa shangwe. Alisema hivyo kwa sababu mdomo wake ulizoea kusema.

Lakini jambo likishafanywa na Mkuu huwa ni njia, na wadogo hupita humohumo. Wiki iliyofuata Waziri wa Afya alizindua choo cha ndege, akaweka jiwe. Waziri wa Barabara alizindua magurudumu, maana kwa hoja yake magurudumu hugusa ardhi na ardhi ni yake, akaweka jiwe. Spika alizindua mlango. Mke wa Mkuu alizindua mito ya viti. Na kila safari mpya ikawa na mgeni rasmi wake, na kila mgeni rasmi ana jiwe lake, kwa kuwa utamtambulishaje mtu aliyezindua kitu na jina lake halipo popote? Kila jiwe lilipoingia, kiti kilitoka.

Wala hakukuwa na namna ya kuyapunguza. Jiwe lenye jina la mkubwa haliondolewi. Palikuwa na fundi bomba, zamani, aliyebandua jiwe moja ili azibe bomba lililopasuka nyuma yake. Nia yake ilikuwa njema na bomba lilizibwa. Yeye hajaonekana tena, na mkewe anaambiwa kila akiuliza kwamba yuko safarini.

Aliyeirusha ndege ile ni Kapteni Mwagilo, mtu mrefu, mkimya, aliyesomea kazi yake nchi za mbali. Alilalamika mara moja tu. Alimwendea Waziri Ndimbwelu, Sikudhani akiwa pembeni anapanga majina ya wageni, akasema mawe yanazidi, ndege inainuka kwa shida.

Waziri akavua miwani. "Kapteni, jiwe lile la mbele lina jina la nani?"

"La Mkuu, Mheshimiwa."

"Basi nisaidie kuelewa. Unaniambia Mkuu ni mzigo?"

Kapteni akavaa kofia yake, akatoka. Tangu siku ile hakusema tena habari za mawe. Aliingia, akarusha, akatua, akaenda nyumbani, na ukimsalimia alikujibu baada ya muda, kama mtu anayeitwa kutoka chumba kingine.

Magazeti ya nje yalipoanza kuuliza mbona abiria wanapungua, Waziri aliwaita waandishi akawapa hotuba. "Mashirika ya wenzetu," alisema, "yanabeba watu. Watu! Watu hushuka, wakaenda zao, na ndege ikabaki tupu. Ndege yetu inabeba historia, na historia haishuki." Sikudhani alisimama nyuma yake na kuongoza makofi.

*

Safari ya Lugombe ikapangwa, na Lugombe ikajiandaa. Watu walifyeka kiwanja chao, wakafukuza mbuzi, wakapanga mawe meupe pembeni. Kaka yake Sikudhani, Mashaka, alimbeba mama yao mgongoni asubuhi na mapema, akamketisha kwenye kiti cha plastiki ukingoni mwa kiwanja, amevaa kanga mpya na soksi moja.

Huku mjini ndege ilikuwa tayari, Kapteni yuko kwenye usukani, na Sikudhani yuko juu ya zulia jekundu na kipaza sauti. Kilichokosekana ni mgeni rasmi. Alikuwa njiani. Sikudhani akawatambulisha makatibu. Akawatambulisha wakurugenzi, kisha wasaidizi wa wakurugenzi, kisha viongozi wastaafu, kisha akaomba kwaya iwaburudishe, kisha akarudi kwa makatibu ili asionekane amewasahau. Jua likapanda, likakaa utosini, likaanza kushuka. Mgeni rasmi alikuwa bado yuko njiani. Jioni ikatangazwa kwamba ameitwa kuzindua tangi la maji kwingine, na safari imeahirishwa.

"Mama, pole," alisema kwenye simu.

"Pole ya nini? Nimekaa, nimeona watu. Hata mwenyekiti wa kijiji kanisalimia."

"Watapanga siku nyingine."

"Watapanga. Harufu ndiyo inayonitia aibu kidogo. Watu wananipisha kama mimi ndiye mgeni rasmi." Akacheka. Sikudhani hakuweza kucheka, akamwambia mtandao unakatika.

Ikapangwa siku nyingine, ikaahirishwa. Ikapangwa tena. Kila mara Mashaka alimbeba mama mgongoni, na kila mara alimrudisha, na kila mara, kwa maneno ya Mashaka, alikuwa amepungua uzito. Na kila mara aliyekuwa kwenye kipaza sauti akiivuta siku kwa maneno matamu alikuwa Sikudhani. Hakuna aliyeijua kazi hiyo kama yeye. Angeweza kumsubirisha mtu mpaka akasahau anasubiri nini. Mwanzoni alipokuwa akifanya hivyo moyo ulimuuma. Baadaye haukuuma. Akajua kwamba ganzi imempata na yeye, ila yake haikuwa mguuni, na akaogopa kwa sababu hakuweza hata kuogopa vizuri.

*

Hatimaye Waziri Ndimbwelu aliamua kuwa mgeni rasmi yeye mwenyewe, akafika kabla ya saa sita, jambo ambalo redio ya taifa ililirudia kwenye taarifa ya habari siku nzima. Ndani ya ndege mawe yalikuwa yamepangana kama watu msikitini, na katikati yao palibaki viti vichache: cha Waziri, cha mpambe wake, cha mpigapicha, cha mpiga ngoma mmoja aliyewakilisha kikundi, cha Sikudhani, na kimoja kitupu. Kile kitupu kilikuwa cha Bi Chausiku. Sikudhani alikifuta vumbi mwenyewe, akakifunga mkanda wake usije ukapotea.

Ndege ilikimbia uwanja mzima ikigugumia, ikainuka mwishoni kabisa. Jiwe la Spika lilitikisika njia nzima. Walipotua Lugombe watu wote walikuwa pale, na kwenye kiti cha plastiki alikuwa Bi Chausiku, mdogo kuliko Sikudhani alivyomkumbuka. Alimwinulia mkono. Sikudhani hakuruhusiwa kwenda kwake kabla itifaki haijakamilika, naye akauinua mkono wenye kipaza sauti.

Shughuli ilikwenda vizuri. Risala ilisomwa. Waziri alihutubia, akasema Lugombe sasa imefunguka kwa dunia, na kwamba daraja ni fikra za watu wanaotambaa. Watu wakashangilia, kweli walifurahi, maana hawakuwahi kuona ndege kwa karibu, na mtu akifurahi haulizi sana. Sikudhani akadhani yamekwisha. Ndipo Mkuu wa Wilaya alipomnong'oneza kwamba lipo jambo la mshangao, akampa la kusema.

Akasema. "Mheshimiwa mgeni rasmi, wananchi wa Lugombe ni watu wa shukrani. Hawakutaka uondoke mikono mitupu. Wamechonga kwa mikono yao wenyewe jiwe la shukrani, lenye jina lako, litakalokaa ndani ya ndege yetu daima." Aliyasema kwa sauti ile inayonenepesha watu. Waziri akatoa leso akafuta macho. Likaja jiwe, gumu, la kijivu, la mlima wa kwao, limebebwa kwa miti na wanaume wenye nguvu, na miongoni mwa waliobeba alikuwemo Mashaka, anatoka jasho, anatabasamu. Alichaguliwa kwa sababu mgongo wake ulikuwa umezoea kubeba.

Walikuwa wamefika kwenye ngazi Sikudhani alipoelewa kwamba kilichobaki humo ndani ni kiti kimoja.

Kapteni Mwagilo alikuwa ameshuka. Alilitazama jiwe, akamtazama Bi Chausiku aliyekuwa ameletwa na kiti chake mpaka chini ya bawa, kisha akazungumza bila kumtazama mtu. "Kiwanja hiki ni kifupi. Jiwe au mama. Vyote viwili hatuinuki."

Waziri akamgeukia Mkuu wa Wilaya, Mkuu wa Wilaya akamgeukia mwenyekiti, mwenyekiti hakuwa na wa kumgeukia.

"Jiwe lina jina langu," Waziri alisema kwa upole. "Mimi binafsi ningeliacha, mimi ni mtu wa watu. Lakini limeshatangazwa. Kitu kilichotangazwa si changu tena, ni cha taifa."

"Mheshimiwa," alisema Sikudhani, na hapo kipaza sauti alikuwa amekishusha, "mimi nitabaki. Mama apande mahali pangu."

Waziri akacheka, akampigapiga begani. "Mama Mlekwa, na tukitua, atatutambulisha nani? Tutashuka tu kama abiria?"

Alingoja mdomo wake useme jambo jingine. Mdomo ule uliowahi kuongea asubuhi mpaka jioni ukimsubiri mgeni rasmi haukupata neno. Badala yake alimsikia mama yake.

"Jiwe halina miguu," alisema Bi Chausiku. "Likiachwa hapa litakaa hapahapa. Mimi ninao mmoja na nusu. Acheni liende, mie nitarudi nyumbani."

"Mama..."

"Umesema vizuri, mwanangu. Siku zote nakusikia redioni tu, leo nimekuona." Akamshika kiganja, akakiachia. "Nenda, usije ukakosa kazi kwa ajili ya mguu."

Waziri aliguswa sana. Aliwaambia wananchi kwamba uzalendo wa mama yule ni mfano kwa vijana, akaagiza apigiwe makofi. Kisha akageuka kumtazama mshereheshaji, na watu wote wakamtazama.

"Makofi kwa mama," alisema Sikudhani.

Watu wakapiga makofi. Bi Chausiku naye akapiga, kwa sababu ya heshima.

*

Baada ya hapo historia ya Shirika haikuchukua muda. Ilipofika sherehe ya kutimiza mwaka, Mkuu aliweka jiwe jipya, kubwa kuliko yote, lililoingizwa kwa kuondoa kiti cha msaidizi wa rubani. Mafundi walipoikaza boliti ya mwisho, magurudumu yakapasuka moja baada ya jingine, na ndege ikakaa chini taratibu, mithili ya ng'ombe. Kapteni Mwagilo alizima mitambo, akakunja kofia yake, akatoka kwa miguu kupitia geti la abiria, wala hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi.

Serikali haikuita hilo hasara. Ilitangaza kwamba Shirika limekamilisha malengo yake kabla ya wakati, na kwamba hiyo ndiyo ndege pekee duniani ambayo haijaanguka wala haitaanguka. Ikageuzwa makumbusho ya mawe ya msingi. Sikudhani akabaki na kazi yake ileile, akiyatambulisha mawe kwa wageni walioletwa kuyatazama, moja baada ya jingine, kwa majina na vyeo.

Alikuwa mbele ya jiwe la kijivu la Lugombe, anawaeleza wanafunzi wa shule ya msingi, Mashaka alipopiga simu. Ugonjwa ulikuwa umepanda hadi kwenye nyonga, kisha ukapanda tena. Mama alifariki alfajiri. Hakusumbua mtu. Sikudhani akasema, "Sawa, kaka." Akaweka simu mfukoni, akamaliza kuwaeleza wanafunzi namna jiwe lile lilivyochongwa kwa mikono ya wananchi wenyewe. Mwalimu wao alimshukuru. Kisha akaketi kwenye ngazi za ndege, akaketi sana.

*

Waziri Ndimbwelu hakuwa mtu wa kusahau. Alisema mama wa Lugombe atazikwa kwa heshima ya taifa, na yeye mwenyewe atakuwa mgeni rasmi. Akaagiza jiwe la kaburi, marumaru nyeusi, maandishi ya dhahabu. Sikudhani alilisoma likiwa linapakiwa kwenye lori. Liliandikwa kwamba limewekwa na kuzinduliwa na Mheshimiwa Dakta Ndimbwelu, Waziri wa Anga, likataja tarehe na shahada zake. Jina la mama yake halikuwemo. Alilisoma mara ya pili, akidhani limejificha mahali.

Yeye alitangulia, akavuka mto kwa mtumbwi. Msafara wa Waziri ulifika kivukoni baadaye, na mwenye mtumbwi alipoliona jiwe alikataa katakata. Akasema anavusha mtu na mbuzi na hata baiskeli, lakini ile ni kuzama. Waziri hakutaka kuvuka na kuliacha jiwe lake nyuma, na jiwe halikuweza kuvuka, kwa hiyo vyote viwili vikakaa ng'ambo.

Upande wa huku watu walikuwa wameketi kwenye mabenchi tangu asubuhi. Jeneza lilikuwa mbele, juu ya meza, limefunikwa kanga ile mpya. Kaburi lilikuwa tayari, turubai limefungwa, na kwenye meza kuu kiti kirefu chenye kitambaa cheupe kilikuwa kitupu. Jua likapanda. Mzee mmoja akasinzia. Watoto wakaanza kulia njaa, wakapelekwa nyuma.

Mwenyekiti wa kamati ya mazishi akamjia, ameinama kwa adabu, kipaza sauti mkononi.

"Dada, tumepewa taarifa Mheshimiwa yuko njiani. Tusaidie kidogo. Watambulishe waliopo, waburudishe kwa maneno mawili matatu, mpaka afike. Hakuna awezaye kama wewe."

Sikudhani alikipokea. Kilikuwa kizito kidogo, uzito anaoujua. Mdomo wake ukajipanga wenyewe kwa makatibu, kwa wakurugenzi, kwa itifaki. Alitazama kiti kile kirefu, kisha akatazama jeneza, na kitu kikamchoma ndani, kikali, kama mguu uliokaliwa muda mrefu unapoanza kurudiwa na damu. Kilimuuma mno. Alikiacha kimuume.

"Mgeni rasmi ameshafika," alisema. "Amefika kabla yetu sote, na amesubiri vya kutosha. Tuanze."

Mwenyekiti alimshika mkono, akanong'ona kwamba bado, dada, bado. Lakini Mashaka alikuwa ameshasimama, na wale wanaume waliobeba jiwe la shukrani wakasimama pamoja naye, mmoja mmoja, wakaja mbele wakapanga mabega yao kama walivyozoea kubeba kitu kizito.

Wakainua kwa nguvu zao zote, na jeneza karibu liwaruke mikononi. Halikuwa na uzito wowote.